Rejista ya Wanawake Arobaini na Watatu

Sehemu ya saba

"Mimba ni ya nani?"

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, wasomaji wangu. Langoni mwa kijiji cha uzio, saa tatu asubuhi, mwezi wa Mei mwaka wa sitini na saba. Fimbo ya Bwana Gichuki imeelekezwa kwenye tumbo la Batula, na kijiji kizima kinasubiri jibu.

Aliyejibu ni mama mkwe wa Batula, Safiyo, bibi mrefu mwembamba ambaye sikuwahi kumwona akikaa chini.

"Bwana ya huyu, Nunow, ni mtoto yangu," alisema. "Amekwenda na ngamia miezi kumi na nne. Hesabu nyinyi wenyewe."

Watu wakahesabu. Niliwaona wakihesabu, midomo ikicheza. Tumbo la Batula lilikuwa limejaa kama la mwanamke wa miezi minane, na kanga yake haikufika tena kiunoni.

"Miezi kumi na nne," Gichuki alirudia. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kijiji kile, mtu wa kutoka bara kama mimi, mwenye sauti ya kuzoea kutiiwa. "Basi kuna mtu anaruka uzio usiku. Na anayeruka uzio huu si mchunga mbuzi, ni shifta. Batula, utakwenda kuhojiwa leo hii."

"Mimi hakuna mimba," Batula alisema. "Wallahi hakuna."

"Hiyo ni nini? Maboga?"

Watu wengine walicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu kidogo, kwa sababu Gichuki alikuwa akinitazama.

Kwa aliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Kinoti, mtu wa Meru, msaidizi wa utafiti. Daktari Kang'ethe ndiye aliyenileta Garissa. Alikuwa akitafuta kansa ya ovari, ile inayoanzia kwenye kifuko cha mayai cha mwanamke na kukaa kimya tumboni hadi siku ya kuonekana, na siku hiyo mara nyingi mtu ameshachelewa. Alitaka kujua kama ukiwapima wanawake kwa mkono kabla hawajalalamika, utaiwahi. Vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vimewakusanya watu nyuma ya nyaya za miiba, na daktari akaona kwamba wanawake wako pamoja na wanaweza kupimwa wote.

Mwuguzi wetu, Sista Zilpah, ndiye wa kupima. Mimi ni wa kuandika. Lakini daktari alikuwa ameniagiza, "Zilpah akikwama, pima mwenyewe. Umefundishwa. Mradi awepo mwanamke mwingine hemani."

Februari Zilpah alikwama kijiji kingine, barabara ya huko ilikuwa imetegwa bomu. Na mimi nikaenda peke yangu na rejista.

Sasa mnakumbuka niliyoyafanya. Na wewe msomaji wa Embu uliyeniandikia barua kuniita mwongo mkubwa, tulia, sijamaliza.

Gichuki alinyoosha mkono. "Bwana Kinoti, si ninyi mliwapima wanawake hawa wote? Hebu lete kitabu."

Rejista ilikuwa kwenye mkoba wangu, nimeubana kwapani. Ningeweza kusema nimeisahau Garissa. Nilimpa.

Alilamba kidole, akafungua, akatafuta. Alisoma kwa sauti ya kanisani.

"Batula. Miaka thelathini na minane. Amepimwa tarehe kumi na nne Februari. Tumbo safi. Hakuna uvimbe." Akafunga kitabu kwa kishindo. "Mmesikia? Februari hakuna kitu. Mei, hilo hapo. Uvimbe gani huo wa miezi mitatu? Serikali haina haja ya ushahidi mwingine."

Mwandiko ni wangu. Sahihi ni yangu.

Batula alinigeukia. "Dakhtar," aliniita, ingawa mimi si daktari na nilikuwa sijawahi kumrekebisha. "Wewe sema."

Wote wakanitazama. Ningesema maneno manne tu: Bwana Gichuki, sikumpima mtu. Maneno manne, yakamtoa kwenye kesi ya shifta.

"Kitabu kinasema hivyo," nikajibu.



Batula hakunitukana. Alishusha macho tu, akavuta kanga yake ijaribu kufika mahali isipofika.

Ndipo Landrova ya hospitali ikaingia langoni na lori la msafara nyuma yake. Sista Zilpah aliruka chini kabla gari halijasimama vizuri. Aliona fimbo, aliona tumbo, hakuuliza habari za asubuhi.

"Huyu nani kamsimamisha juani?"

"Ni mshukiwa," alisema Gichuki.

"Ni mgonjwa. Tazama miguu yake ilivyokonda na tumbo lilivyo. Mjamzito ananenepa uso, huyu mashavu yameingia ndani." Akamshika Batula mkono. "Twende, mama. Safiyo, na wewe njoo. Shikilia mkeka mlangoni."

Walikaa ndani ya hema muda wa kunywa chai. Msafara wa Nairobi ulikuwa uondoke saa nne kamili, kwa sababu askari wa kuusindikiza hawakutaka jua liwakute mahali pabaya. Anayekosa msafara ule angengoja wiki mbili, kama barabara ingekuwa bado inapitika.

Zilpah alitoka akifuta mikono. Shingoni alikuwa na ile pembe ya kusikiliza moyo wa mtoto.

"Humu hakuna mtoto," alisema kwa sauti ambayo hata wa nyuma kabisa waliisikia. "Ni maji. Ukimlaza ubavu, maji yanahama. Na chini ya maji kuna kitu kigumu, ila yamejaa mno, mkono wangu haufiki vizuri."

Umati ukaguna. Safiyo alikuwa ametoka nyuma yake pamoja na Batula, uso umebadilika kabisa. Bibi yule alikuja moja kwa moja hadi kwa Gichuki.

"Waryaa! Wewe nasema mimba mbele ya watu. Ondoa mbele ya watu."

"Mama, mimi nilikuwa natimiza..."

"Ondoa!"

Gichuki alitazama fimbo yake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemshikisha. "Hakuna mimba," alisema.

"Hao wa nyuma hajasikia."

"Hakuna mimba!" akapaza sauti.

"Na mimi nimehesabu miezi," Safiyo alisema, sasa polepole, akiwageukia wanawake wenzake. "Mimi mwenyewe. Aibu iko kwangu pia." Akavua mtandio wake mkubwa, yeye bibi mzima, akabaki na kile kitambaa cha ndani kichwani, akamfunika nao Batula tumbo hadi magotini.

Nilidhani mambo yameisha. Nilishusha pumzi. Batula atapanda lori, atapasuliwa Nairobi, na rejista yangu itarudi mkobani bila mtu kuulizia tena. Ndivyo nilivyokuwa, wasomaji wangu. Mwanamke anakufa na mimi nashukuru kitabu kimefungwa.

Lakini Daktari Kang'ethe alikuwa ameshashuka kwenye Landrova.

Daktari alikuwa mtu mpole, wa kuongea chini chini, na alinipenda. Hilo ndilo lililonimaliza. Mwezi wa Machi alinipiga begani mbele ya wakubwa wa Nairobi akawaambia, "Wanawake arobaini na watatu, hakuna hata mmoja mwenye uvimbe. Kijana wangu Kinoti ndiye aliyewapima." Alikuwa ameanza kuandika makala kwamba huenda wanawake wa upande huu hawashikwi sana na ugonjwa ule. Makala nzima ilisimama juu ya uongo wangu wa alasiri moja.

Alimrudisha Batula hemani pamoja na Zilpah, akakaa kidogo, akatoka. Akaomba rejista. Alisoma ule mstari mara mbili.

"Kinoti. Februari tumbo lilikuwa safi?"

"Ndiyo, Daktari."

"Ulipima mwenyewe? Pande zote mbili?"

"Nilipima, Daktari."

Alikifunga kitabu taratibu. Akamvuta Zilpah kando, lakini si mbali, nami nikasikia kila neno.

"Kama Februari hakukuwa na kitu na leo ni hivi, basi hii ni kansa ile ya mbio. Imeshasambaa. Nikimfungua nitamfunga tu. Barabara hii itamtesa bure, siku mbili za mashimo, halafu afe peke yake Nairobi hata mtu wa kuzungumza naye hana. Bora abaki na watu wake. Tutoe maji kidogo apate nafuu ya pumzi."

"Na vidonge vipya?" Zilpah aliuliza. "Vile vya kansa, vya utafiti?"

"Ni vya kumpa mtu baada ya kutoa uvimbe, wakati kilichobaki ni kidogo. Kwa huyu ni kumtapisha tu." Alisugua macho. "Ungekuwa umekua polepole, mwaka, miaka miwili, ningesema pengine umekaa mahali pamoja. Hata kwenye maji mengi, ule wa polepole mara nyingine unatoka mzima. Ningejaribu. Lakini rejista inasema hapana."

Mnaelewa? Nusu saa iliyopita rejista yangu ilimfanya malaya wa shifta. Sasa ilikuwa inamfanya maiti.

Dereva wa lori alipiga honi. Saa nne kasoro robo.

Zilpah alimweleza Batula kwa Kiswahili chepesi, akiwa amechuchumaa mbele yake. Batula alisikiliza mpaka mwisho. "Alhamdulillahi," alisema. Kisha akamgeukia Safiyo, akaanza kumpa maagizo kwa Kisomali, haraka haraka, kama mtu anayefunga mizigo. Nilikuwa nimejifunza maneno machache. Nikasikia majina ya binti zake wawili, na nikasikia mbuzi.

Alikuwa akigawa mbuzi.

"Daktari," nikasema. Hakusikia. "Daktari!"

"Nini, Kinoti?"

"Sikumpima."

Aligeuka. "Hukumpima nani?"

"Huyu. Wala wengine. Sikumpima hata mmoja."

Minong'ono ikaanza kupita kutoka kwa wanaojua Kiswahili kwenda kwa wasiojua. Zilpah hakushtuka. "Glavu za Februari zilirudi bado zimefungwa kwenye karatasi zake za kiwandani," alisema chini chini. "Nikajiambia labda alitumia nyingine. Nilitaka kumwamini."

"Kwa nini?" Daktari aliuliza.

Swali dogo hilo. Nikasema mambo ya barabara na mabomu, nikasema Zilpah hakufika.

"Nimekuuliza kwa nini."

"Niliona haya." Ikatoka hivyo. "Niliona haya kumwambia mama wa watu alale chini nimshike tumbo. Na wao waliona haya. Nikawa nawauliza tu wakiwa wamesimama, tumbo linauma? Kila mmoja anasema hapana, alhamdulillahi, halafu anakwenda. Nikaandika safi. Nilitaka kumaliza nirudi Garissa na gari la jioni. Uhamisho wangu ulikuwa unangoja nimalize."

"Watu arobaini na watatu, Kinoti."

"Alasiri moja, Daktari."

Kang'ethe alifikiri. Kisha akatikisa kichwa, si kwa hasira. "Basi hatujui lolote. Labda ulikuwepo, labda haukuwepo. Siwezi kumpakia mtu kwenye lori kwa labda."

Hapo ndipo mngenipima nyinyi. Kwa sababu nilikuwa nimesema nusu, ile nusu ambayo mtu anaweza kusema na bado akala chakula cha mchana. Nusu ya pili nilikuwa nimeimeza tangu Februari, na hata nyinyi wasomaji wangu nimewaficha kwa wiki sita nzima. Barua ya Embu ilikuwa na haki.

Honi ikalia mara ya pili.

"Ulikuwepo," nikasema.

"Umejuaje?"

"Aliniambia." Sikuweza kumtazama Batula. Nilitazama viatu vya daktari. "Wengine wote walisema hapana. Yeye peke yake alirudi, wenzake walipotoka. Alisimama mlangoni, akaweka ngumi yake hapa, chini ya kitovu, upande wa kushoto. Akasema kuna kitu kama jiwe, kina mwaka, akilala upande mmoja kinamfuata. Alinishika mkono, Daktari, ili auweke hapo mwenyewe. Mwanamke wa Kisomali, ananishika mkono mimi mgeni. Nilivuta mkono wangu. Nikamwambia ni gesi. Nikampa vidonge vya magnesiamu. Halafu nikaandika safi."



Daktari alipiga goti mbele ya Batula, suruali yake safi kwenye vumbi. "Mama, ni kweli? Kilikuwa na mwaka?"

"Mwaka na zaidi," Batula alisema. "Kidogo, halafu kidogo. Kilikuwa kama yai ya mbuni. Maji imekuja juzi juzi, baada ya mvua."

"Na kilikuwa kinasogea ukikisukuma?"

"Kinasogea. Kama ndama kwa tumbo ya ngamia."

"Zilpah, machela!" Sikuwahi kumsikia daktari akipiga kelele kabla ya siku ile. "Gichuki, pasi yake ya kutoka kijijini, sasa hivi! Mwambie dereva akiondoa gari nitalala mbele ya tairi!"

Mambo yakaenda mbio. Gichuki aliandika pasi akiwa ameegemea boneti, na alipoulizwa nani wa kumtolea mgonjwa idhini ya kupasuliwa maana mume hayupo, Safiyo alimnyang'anya kalamu ya wino, akapaka wino kidole gumba, akakibandika kwenye karatasi. "Nunow akirudi," alisema, "ataongea na mimi."

Nikaenda kushika upande mmoja wa machela. Safiyo alinitazama, nikadhani atanipiga kofi, na ningefurahi. Hakunipiga. Aliniachia nafasi.

Tulipomwinua kumpandisha, uso wa Batula ulikuwa karibu na wangu. Nikasema, "Mama, nisamehe. Kwa nini hukuwaambia? Pale langoni, ulijua nimedanganya. Kwa nini hukusema?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mimi nilifikiri wewe unajua," alisema. "Wewe mtu ya hosbitali. Umesema ni gesi, nikasema basi dakhtar ameona. Nikanyamaza na maumifu yangu. Niliona haya kukusumbua mara ya bili."

Aliona haya kunisumbua. Mimi.

Lori likawaka. Daktari alikuwa amekwisha kupanda nyuma, ameshika chupa ya maji ya chumvi juu ya kichwa cha mgonjwa, kwa sababu hakuna pa kuitundika. Aliinama ukingoni akanirushia rejista. Ilinipiga kifuani.

"Zilpah anabaki na wewe," alisema. "Utawaita wote, mmoja mmoja, mbele ya watu. Kila anayeitika utamwambia kwa mdomo wako mwenyewe kwamba hukumpima. Halafu Zilpah atampima. Makala yangu nitaichana mimi."

"Daktari, Batula atapona?"

"Hilo usiniulize wewe," alisema, na vumbi la msafara likamfunika.

Wanawake walikuwa wamekusanyika bila kuitwa. Habari ilikuwa imefika kwa wote kabla ya vumbi kutulia, na walisimama mbele ya hema wametulia, wengine wameweka mikono matumboni bila wenyewe kujua. Waume zao walisimama mbali kidogo. Gichuki alikuwa ameitupa ile fimbo mahali fulani, kwa maana sikuiona tena siku ile.

Zilpah alifungua pakiti ya glavu. "Anza," akaniambia.

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu mwenye haraka na raha zake. Safi. Safi. Safi.

"Lul," nikaita.

"Haa."

"Mama, mimi sikukupima. Niliandika uongo."

Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, akatema mate pembeni, akaingia hemani.

"Rukiyo."

"Nipo."

"Sikukupima, mama. Niliandika uongo."

"Najua," alisema Rukiyo, na watu wawili watatu wakacheka cheko fupi la uchungu. Akaingia kumfuata mwenzake.

Nikaanza kupata nguvu. Nilijiambia, basi si kazi ya kuua, ni aibu tu, mtu anaweza kuibeba.

"Jawahir."



Nikadhani hakusikia. Nikainua shingo kutafuta nani anasogea mbele. Hakuna aliyesogea. "Jawahir!" nikaita kwa nguvu zaidi, nikasoma na umri wake ili wamtambue. "Miaka ishirini na tisa. Amepimwa. Tumbo safi."

Wanawake wakatazamana. Msichana mmoja akajifunika uso kwa shela. Safiyo ndiye aliyesogea mbele, kichwa bado kimefunikwa na kile kitambaa chembamba tu.

"Jawahir tulizika kabla ya mvua," alisema. "Tumbo."

Nikaweka kidole juu ya jina lake kitabuni. Zilpah alikuwa ameacha kuvaa glavu, moja iko mkononi, nyingine inaning'inia.

"Soma ingine, dakhtar," alisema Safiyo.

Majina arobaini yalikuwa bado.